Mazungumzo na vijana: Malunete ya picha, yatatusaidia kwa kazi gani?



Nimepokea barua ya vijana wa kanisa moja la upande wa Likasi. Kwa miezi saba wameuza mikate na kuosha mituka, na sasa sanduku lao liko na dolare 410. Wanataka kununua malunete ya picha, ile mashini ya kuvaa usoni ambayo moja wao aliiona kwa mjomba wake aliyerudi kutoka Afrika ya Kusini. Mpango wao ni kuiweka chini ya hema siku za sikukuu: kila mtu alipe franka kidogo, avae, acheze dakika tano, apishe mwingine. Wazee wa kanisa wamekataa. Wamesema ni mchezo tupu. Vijana wananiuliza: "Pasta, hii kitu iko na faida ingine, ao ni mchezo tu?"

Nitawajibu, lakini kwa njia ndefu kidogo, maana kuna wengine wengi wanaouliza vile vile bila kuandika.

Kwanza tusikilizane juu ya kitu chenyewe. Kuko malunete yanayokufungia ndani: ukiyavaa hauoni tena nyumba wala watu, unaona sinema tu. Hayo tuyaache. Mengine yanakuacha uone meza yako, mtoto wako, mlango wako, na juu ya vitu hivyo yanaongeza picha ao maandiko. Simama usiku karibu na dirisha la vioo, taa ikiwaka nyuma yako. Unaona barabara inje, na katika kioo kile kile unaona taa yako, sawa vile inaning'inia katikati ya barabara. Malunete haya yanafanya hivyo: kioo mbele ya jicho, na mwangaza mdogo unaochora ndani ya kioo. Namna ya pili haina kioo cha kupenya. Iko na kamera inje na televizioni mbili ndogo ndani, na unaona dunia kupitia kamera. Ile ambayo vijana wa Likasi wanaitamani ni ya namna hii ya pili. Meta Quest 3S ilipotoka mwaka wa 2024 iliuzwa dolare 299 huko Marekani. Kamera zake zinapima sakafu na kuta, na kwa sababu hiyo ukigeuza kichwa picha inabaki pahali ilipowekwa, haikufuati.

Si kitu cha jana. Mwaka wa 1968 mwalimu moja wa chuo kikuu huko Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha mashini ya namna hii. Ilikuwa nzito mpaka waliifunga kwenye dari, na mtu aliingiza kichwa chini yake ili aone mistari michache tu. Kisha mwaka wa 1992 watu wawili wa kiwanda cha ndege cha Boeing, Tom Caudell na David Mizell, waliandika juu ya taabu ya wafanyakazi wao. Ndege iko na nyaya nyingi sana. Wafanyakazi walizipanga juu ya mbao kubwa, na kila kifungu cha nyaya kilitaka ubao wake na karatasi zake. Wale wawili wakafikiri: mfanyakazi avae kitu kichwani, kimwonyeshe kwamba waya huu unapita hapa na ule unapita pale, juu ya ubao moja tu.

Mwangalie vizuri mwanzo huo. Walimfikiria mtu ambaye mikono yake imejaa kazi na hawezi kushika karatasi.

Lakini baadaye kampuni kubwa zilienda kutafuta wanunuzi pahali pengine. Google iliuza malunete yake mwaka wa 2013 kwa dolare 1,500. Watu wakaogopa kamera iliyo usoni mwa jirani, na mwanzo wa mwaka wa 2015 wakaacha kuyauzia watu wote. Yale ya viwanda nayo yakaisha mwaka wa 2023. Microsoft ilitoa yake, HoloLens, mwaka wa 2016 kwa dolare 3,000, na mwaka wa 2024 ikaacha kuyatengeneza. Apple ilianza mwaka huo huo wa 2024 na yake ya dolare 3,499. Jeshi la Marekani nalo, mwaka wa 2021, lilifanya mapatano yaliyoweza kufika karibu dolare miliari 22 kwa miaka kumi, na askari walioyajaribu wakalalamika juu ya maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Tangu mwanzo wametafuta mchezo, ofisi na vita. Mimi naona faida kubwa ilikuwa inawangoja kwa mama muuguzi, kwa fundi, kwa mtoto asiyeona ubao, na huko walipita haraka.

Wacha nianze na lopitali ndogo. Mtoto ameharisha siku tatu, mwili umekauka, anahitaji serumu. Mama muuguzi anatafuta mshipa. Anachoma mkono wa kuume, anachoma mkono wa kushoto, anakwenda kwa mguu, anakwenda kwa kichwa. Wazazi mnajua kilio hicho. Sasa, kuko mwangaza ambao jicho letu halioni, unaitwa infraruji. Damu inaumeza mwangaza huo, nyama ya kando inaurudisha, na kamera inayouona itaonyesha mishipa sawa mistari myeusi. Kuko mashini ndogo ya mkono inayochora mistari hiyo palepale juu ya ngozi ya mgonjwa, na wengine wameitia kazi hiyo ndani ya malunete ili mikono yote miwili ibaki huru. Nisiwadanganye: katika majaribio ya lopitali mbalimbali majibu hayakulingana. Pengine ilisaidia kwa watoto wagumu kuchomwa, pengine muuguzi mwenye mazoea alifanya vile vile bila mashini. Lakini ni kazi ya kila siku, iko karibu na kitanda cha mtoto, na ni wachache wanaoitaja wanaposifu malunete haya.

Halafu fundi. Hapa mfano wa kweli uko. Mwaka wa 2015 kampuni ya DHL ilijaribu malunete katika depo moja ya Bergen op Zoom, inchi ya Holanda: mfanyakazi anaona mbele ya jicho lake aende kwenye rafu gani, achukue vitu vingapi, bila kushika karatasi. Kazi iliongezeka mbio kwa asilimia 25. Na mwaka wa 2020, wakati wa Kovidi, katika lopitali za Imperial College huko London, munganga moja aliingia kwa mgonjwa akivaa HoloLens, na wenzake katika chumba kingine waliona yote aliyoyaona na kuongea naye. Watu wachache waliingia penye hatari, na mavazi ya kujikinga, yaliyokuwa haba, hayakuisha ovyo.

Mchukue mfano huo na kuuweka kwetu. Kijana anayetengeneza pompe ya maji katika atelie ya Kambove, mikono imejaa mafuta, na mwalimu wake yuko Lubumbashi. Mwalimu anaona kile kijana anachoona. Anachora mshale, na mshale unakaa juu ya boloni ile anayotakiwa kufungua, si ingine. Nani katika inchi yetu anahitaji hiyo kupita sisi, tulio na mashini nyingi na mafundi wazee wachache? Lakini kitu hicho kinataka intaneti isiyokatika, na bateri ya mashini hizi nyingi inaisha kwa saa mbili ao tatu hivi. Mkumbuke delestaje.

Na kwa kuwa nimetaja bateri, niseme neno moja pembeni. Bateri ya namna hii mara nyingi iko na kobalti kidogo ndani. Katika miaka hii Kongo imetoa karibu theluthi mbili mpaka robo tatu ya kobalti inayochimbwa dunia nzima, na nyingi inatoka hapa hapa, Kolwezi na Fungurume na kandokando. Kwa hiyo kijana wa kwetu akiuliza kitu hiki kifanye kazi gani, haulizi juu ya mali ya wageni tu. Baba yake pengine alibeba gunia.

Tuende kwa macho. Kuko watoto wasio vipofu lakini hawaoni ubao hata wakikaa mbele. Watoto wa albino wengi wako hivyo, na wengi wanaacha masomo si kwa sababu ya akili. Huko Kanada injinia Conrad Lewis, ambaye dada zake wawili walikuwa na macho mabovu ya namna hiyo, alianzisha kampuni ya eSight. Malunete yao yana kamera inayokuza kile kilicho mbele na kukionyesha karibu na jicho. Mwanzoni bei ilifika dolare 15,000; mwaka wa 2017 ilishuka karibu na 10,000, na bado hakuna mzazi hapa atakayeigusa. Lakini kazi yenyewe ni ndogo: kamera, kukuza, kuonyesha. Mzazi mwenye mtoto wa hivi anaweza kujaribu leo na telefone. Fungua kamera, vuta karibu, piga picha ya ubao, mtoto anakili akiwa ameinamia telefone. Nendeni mbele ya mwalimu pamoja na mtoto, mwombe ruhusa waziwazi, mwalimu asije akafikiri mtoto anacheza. Na kofia pana kwa ajili ya jua, hiyo haihitaji bateri.

Wasiosikia nao. Mwaka wa 2018 nyumba kubwa ya michezo ya kuigiza huko London, National Theatre, ilianza kuwapa wasiosikia malunete ya Epson: mchezaji anasema, maneno yanaandikwa mbele ya jicho la mtazamaji, popote anapogeuza kichwa. Nilipolisoma jambo hilo niliwaza juu ya wale wanaokaa kwenye benchi zetu kila Siku ya Mungu, wakitazama midomo ya msemaji saa mbili bila kupata neno. Mwaka wa 2019 Google ilitoa programu ya telefone inayogeuza sauti kuwa maandiko kwa lugha zaidi ya 70, Kifaransa kimo. Mtu asiyesikia anaweza kuiweka mbele yake katika duka, kwa munganga, masomoni. Kwa Kifaransa cha polepole itafanya vizuri.

Lakini mwambie Kiswahili cha kwetu: "Tulienda ku soko na mutuka ya yaya, batri ikakufa mu njia." Usishangae mashini ikiandika ajabu. Imefundishwa zaidi kwa sauti za watu wa Kenya na Tanzania, na ule mchanganyo wetu na Kifaransa hauujui vya kutosha. Malunete ya bei kubwa kupita yote hayataondoa shida hiyo. Lazima watu wa huku wasome na kuongea mbele ya mikro, masaa na masaa, wanaume na wanawake, wazee na watoto. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla unakusanya sauti za namna hiyo, na Kiswahili kimo. Mtu mwenye telefone na intaneti anaweza kusoma sentensi pale bila kulipa mtu yeyote, isipokuwa meza zake.

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha, vijana wangu. Malunete haya hayajui kitu. Yanaonyesha tu kile ambacho mtu amekwisha kukipima, kukiandika, kukichora. Mshale wa pompe unatoka kwa mwalimu. Maneno mbele ya jicho la asiyesikia yanatoka kwa watu waliotoa sauti zao. Mahali pasipo na mtu wa kuandika, malunete yatakuonyesha meza yako na ukuta wako, kama ulivyoviona asubuhi.

Mnipe nafasi nitoe mfano moja ambao huku kwetu sijaona mtu akiushughulikia. Katika miji ya inchi zingine wafanyakazi wa barabara wanavaa malunete ao wanashika tablete, na wanaona mabomba ya maji na nyaya zilizozikwa, zimechorwa juu ya lami. Wanajua pa kuchimba. Kwetu mtu akitaka kuchimba msingi wa ukuta anapiga sururu na kuomba. Mara bomba limepasuka, kartie nzima iko bila maji wiki mbili, maji machafu yanaingia ndani ya bomba, na baada ya hapo tunalia kolera. Mabomba hayo yalizikwa na watu. Karatasi za zamani zingine zimeliwa na mchwa, zingine hazikusahihishwa wakati watu walipojiunganishia wenyewe. Anayejua ni muzee fulani, aliyefanya kazi ya maji ao ya umeme miaka 30. Katika miaka ya 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na pamoja nao iliondoka elimu ya vane, ya nyaya, ya mitaro, ambayo haikuandikwa pahali pote. Wengi wao tumekwisha kuwazika. Walio hai wanakaa chini ya mwembe, na hakuna anayewauliza.

Muzee huyo akifa kabla ya kuulizwa, hata malunete ya dolare 10,000 hayataonyesha bomba lile.

Basi jibu langu kwa vijana wa Likasi. Wazee wenu wamesema ni mchezo tupu. Nawaheshimu, lakini si kweli, na nadhani mmeona. Hata hivyo msinunue. Mchezo wa hema utaleta watu sikukuu mbili, na kwa ya tatu kila mtu amekwisha kucheza. Mkanda wa usoni unaopita kwa watu 60 kwa siku ya joto utaleta ugonjwa wa macho. Kioo cha ndani kikichunwa, hakuna wa kukibadilisha hapa. Na mmeona ginsi kampuni zinavyoacha mashini zao: siku wanapochoka nayo, yenu inabaki sanduku.

Mchukue sehemu ya zile dolare 410 na mnunue telefone moja iliyotumika lakini yenye kamera nzuri, mita ndefu ya kupimia, na daftari la karatasi ngumu. Muwatafute wazee watatu ao wane wa kartie yenu waliofanya kazi ya maji. Muwaendee kwa adabu, na sukari na sabuni mkononi, si mikono mitupu. Mtembee nao polepole, asubuhi, kabla ya jua kali. Kila anaposema "vane iko hapa, bomba linakata huku," mpige picha, mwandike alama ya GPS ya telefone, lakini msiitegemee peke yake, maana inaweza kukosea metre tano ao zaidi, na metre tano ni tofauti ya bomba na choo cha jirani. Mpime kwa mita kutoka pembe mbili za nyumba za matofali, zisizohama. Mwandike jina la muzee na tarehe. Wazee wawili wakipingana, mwandike yote mawili. Kabla ya kuanza mwende kwa shefu wa kartie na kwa ofisi ya maji, wajue mnafanya nini, watu wasije wakasema mnapanga kuiba maji ao nyaya. Nakala moja ya daftari ikae kanisani, moja ofisini kwao. Siku malunete ya bei nafuu yatakapofika, na naamini yatafika, ninyi mtakuwa na cha kuweka ndani.

Pesa inayobaki ni yenu. Kama kuna mwenzenu asiyesikia, mumuulize yeye kwanza telefone ile ingemsaidia ginsi gani siku ambazo hamtembei na wazee. Msimchagulie.

Nimalize na jambo moja kwa wazazi, kwa kuwa malunete mapya ni madogo na yanafanana na malunete ya jua. Tangu mwaka wa 2021 Meta na Ray-Ban wanauza yenye kamera, na mwaka wa 2025 walitoa yenye kioo cha picha ndani kwa dolare 799. Kamera ikifanya kazi, taa ndogo inawaka mbele. Mfundishe watoto kuitambua taa hiyo. Mgeni akiingia nyumbani ao kwenye maombolezo nayo, si aibu kumwambia: "Ndugu, tafadhali uyavue kwanza." Na katika chumba cha kuzalisha, hapana kabisa, hata kama ni baba wa mtoto, ila mama mwenyewe na wauguzi wakubali.

Mwezi ujao nitajibu barua ya mama moja wa Kolwezi, ambaye bwana wake anatunza pesa ya kariere na kumwachia ya unga tu. Wenye barua zingine watume mapema, na tafadhali waandike kwa bike, si kwa penseli. Macho yangu nayo hayako tena ya zamani.